Bwana Harusi wa Darasa la Alasiri

Mimi ni mtu wa haraka. Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na tangu hapo sijajifunza kusubiri. Nafunua chungu cha wali kabla haujaiva, najibu swali kabla halijaisha, na kwenye foleni ya benki watu wananijua kwa kuhema. Labda ndiyo maana nilipenda hip hop. Nilijifunzia Dar, kwenye ukumbi wenye vioo ukuta mzima, nikacheza kwenye majukwaa na kwenye video za wanamuziki ambao leo hawanikumbuki, mpaka goti la kushoto likaniambia basi. Nikarudi kwetu Bagamoyo nikiwa na miaka thelathini na minne, spika moja, na wazo la kufundisha watu wasiojua kabisa.

Mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alinipa stoo yake ya nyuma, iliyokuwa ya kuwekea marobota. Masharti yalikuwa mawili: viatu vya nje visikanyage sakafu yake, na muziki unyamaze adhana inapoanza. Yeye mwenyewe ni Mhindu, lakini adhana aliisikia kabla yangu kila siku, akaugonga ukuta kwa kiganja. Tulianza baada ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi. Kwenye tangazo niliandika: "Hip hop kwa wanaoanza. Jifunze kujiamini." Hilo la kujiamini niliongeza ili tangazo lijae. Sikuliamini sana.

Walikuja watu sita. Mmoja alikuwa muuguzi, wawili walikuwa wanafunzi wa chuo cha uvuvi cha Mbegani, mmoja mama muuza vitumbua aliyesema daktari amemwambia afanye mazoezi, na wengine wawili walikuja kuchungulia wakanogewa. Siku ya kwanza sikuwafundisha stepu hata moja. Niliwaambia kila mmoja atembee kutoka ukuta huu mpaka ule huku muziki unapigwa, halafu arudi bila muziki, wenzake wakimtazama. Ni zoezi jepesi ambalo lingemtoa jasho hata askari. Kwenye kimya mtu mzima husahau namna ya kutembea. Mikono inakuwa mingi, shingo inakakamaa, na macho yanatafuta pa kujificha.

Nilidhani nitachoka nao baada ya mwezi. Badala yake nilianza kulala nikiwawaza. Wiki ya nne mama wa vitumbua alitembea kutoka ukuta hadi ukuta bila muziki, mikono imelegea pembeni, akafika, akageuka, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba ametukuta nyumbani kwake. Hakuwa amecheza chochote. Mimi niliyewahi kuona watu wakizunguka juu ya vichwa vyao nilibaki mdomo wazi. Nilipomuuliza amefanyaje, alisema hajui, ila leo hakuona sababu ya kuharakisha.

Bwana harusi mwenyewe alikuja mwezi wa Rajabu, miezi mitatu kabla ya harusi yake. Nilikuwa nafunga waya za spika nikaona mtu mrefu amesimama mlangoni na mabuti ya mpira mkononi, ameyavua bila kuambiwa. Umri wake ulikuwa kama wangu. Nilimkaribisha, nikamuuliza ametokea wapi, na kabla hajajibu nikamuuliza kama amewahi kucheza. Akafungua mdomo. Kidevu kikatikisika, jicho moja likafumba, sauti haikutoka. Kisha akatoa simu, akaandika, akanipa nisome.

Alikuwa ameandika kwamba yeye ni dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa kule Makurunge. Kwamba ana kigugumizi tangu utotoni. Kwamba anaoa Mfungo Mosi, Ramadhani ikishaisha, na siku ya ndoa lazima atamke mwenyewe, mbele ya msikiti mzima, kwamba amekubali kumuoa fulani binti fulani kwa mahari waliyokubaliana. Ameahirisha mara mbili. Mara ya kwanza alisingizia mavuno, mara ya pili malaria. Sasa baba mdogo wa bibi harusi amesema Mfungo Mosi ukiisha bila ndoa, posa inarudishwa.

Nilimwambia, tena kwa sauti ya mtu anayejiona mjanja, "Kaka yangu, umekosea mlango. Hapa hatusemi, tunacheza."

Akaichukua simu akaandika: "Ndiyo maana nimekuja."

Nikampa nafasi ukutani. Kwa wiki mbili alicheza kama mtu anayeendesha trekta, yaani mabega yametulia na miguu inatafuta pedeli. Hakuwa mbaya. Alikuwa na usikivu ambao sijawahi kuuona kwa mwanafunzi yeyote. Ukimwonyesha kitu mara moja, alikitazama mpaka kikaisha kabisa ndipo akaanza. Mimi nilimsaidia kwa namna yangu. Kila alipotaka kusema jambo nilimmalizia. Akianza na maji, nampa maji. Akianza na kesho, namwambia sawa, kesho saa kumi. Nilijiona mwalimu mwenye huruma.

Darasani kwangu kila mtu huwahesabia wenzake kwa zamu: moja mpaka nane, kwa sauti, mguu wa kushoto ukipiga chini kila hesabu. Siku moja nikiwa na akili nusu nilimwita, "Kaka, zamu yako." Nikakumbuka, nikafungua mdomo nimwokoe. Hakunisubiri. Alipiga mguu, akahesabu moja, mbili, tatu, mpaka nane, safi kabisa, kwa sauti nzito ambayo hatukujua kama anayo. Akarudia. Akarudia tena. Hakuna aliyecheza. Alipomaliza nane ya nne alinyamaza akautazama mguu wake kama kitu alichookota njiani, na yule muuguzi akaanza kulia bila aibu.

Mimi nililigeukia spika nikajifanya narekebisha waya. Mtu alikuwa ametembea miaka thelathini na kitu na ufunguo wa mdomo wake kwenye kisigino, na ameuokota kwenye stoo ya vitambaa, mbele ya mama wa vitumbua.

Hapo akili yangu ya haraka ikapata kazi. Nikapanga yale maneno ya ndoa kwenye hesabu ya nane, mguu wa kushoto unapiga, mdomo unafuata. Nimekubali kumuoa, fulani binti fulani, kwa mahari tuliyokubaliana. Tulifanya hivyo kila alasiri mpaka Ramadhani ilipoingia, na ndani ya Ramadhani tulifanya bila kucheza, kwa sababu ya swaumu, tumesimama tu tukigonga mguu. Jina la mchumba hakulitamka. Alisema "fulani", nami nikaona ni heshima, mtu hawezi kulirusharusha jina la binti wa watu kwenye ukumbi wa muziki. Mara mbili alinijia baada ya darasa akitaka kuniambia jambo. Mara zote mbili nilimmalizia, nikamhakikishia kwamba siku ikifika atakuwa sawa, nikampigapiga begani.

Siku tatu kabla ya ndoa nilikwenda kumpa mjomba wangu mkono wa Idi. Mjomba ameoa mara tatu, kwa hiyo ni mtaalamu. Nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyomfundisha mtu kuoa. Nikasimama sebuleni nikamwonyesha mguu unavyopiga. Mjomba alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mwanangu," akasema, "nani amewahi kuoa amesimama?"

Akanieleza. Bwana harusi anakaa mkekani, amekunja miguu, goti lake linagusana na la anayemwozesha. Mkono wake wa kulia umeshikwa, na hauachiwi mpaka maneno yaishe. Hapigi mguu wala hatikisi hata kidole.

Sikuwa nimejua. Nimezaliwa mji huu, nimehudhuria ndoa nisizoweza kuzihesabu, na zote nimezisikia kwa spika la msikiti nikiwa chumbani na wanawake, katikati ya hina na udi. Sauti ya bwana harusi ilikuja kutoka juu, na mimi kichwani mwangu nilimweka amesimama kama msanii jukwaani. Hata siku moja sikuuliza. Nilitoka kwa mjomba nikiwa nimefura kwa hasira, na wa kumkasirikia sikumpata zaidi ya mimi mwenyewe.

Nilichukua bodaboda mpaka Makurunge. Nilimkuta pembeni ya shamba, trekta limezimwa, anafuta mafuta mikononi. Nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwamba anajua. Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia wakati wote huo.

Ilimchukua muda mrefu kujibu. Nilikuwa nimeshaliandaa jibu lake ulimini, lakini bodaboda ilikuwa imenitikisa na aibu ilikuwa imenibana, nikanyamaza. Ndipo sentensi yake ikatoka yote, kipande baada ya kipande.

"Nilianza mara mbili, mwalimu. Ukanimalizia."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani makavu. Na yeye akakaa, akakunja miguu kama atakavyoikunja msikitini. Mkono wake sikuweza kuushika, si maharimu wangu, yaani si ndugu ninayeruhusiwa kumgusa, kwa hiyo alivunja kipande cha mua, akashika ncha moja na mimi nikashika nyingine. Nikamwozesha kwa maneno ya mjomba. Bila mguu kila kitu kiliganda. Neno la kwanza lilikwama, la pili likakwama zaidi, na mua ulitetemeka mpaka kwenye kiwiko changu. Nilitaka sana kumsaidia. Niliuma mdomo wa chini.

Nilichokiona kwa mara ya kwanza, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimenyamaza, ni kwamba macho yake hayakukimbia. Neno lilikuwa limekwama kooni, na yeye alikuwa amekaa nalo, ananitazama, anasubiri liwe tayari. Pale stoo niliwahi kuwaambia wote kwamba ukisahau stepu ukiwa katikati ya duara, usitoke mbio. Simama, watu watakungoja. Niliyasema kwa sababu ni maneno wanayoyasema walimu wa ngoma hii. Sikujua kwamba yupo mtu aliyeyachukua kama yalivyo.

Nilimwambia dini ina nafasi. Mjomba alikuwa amenieleza kwamba anaweza kumweka wakili, kaka yake kwa mfano, akubali kwa niaba yake, na ndoa ikawa ndoa halali isiyo na kasoro. Alitabasamu. Alisema baba mdogo wa bibi harusi naye ameshalitoa wazo hilo. Kisha akasema, na hili nalo lilichukua muda wake, kwamba mke ni wake na mdomo wa kumkubali utakuwa wake, hata ukichelewa.

Nilirudi mjini nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo nyuma ya pazia la jukwaa lolote. Msikiti utakuwa na watu, na watu wa kwetu wana utani. Bwana harusi akisema kwa sauti ndogo, waliokaa nyuma hupaza sauti kwamba hawajasikia, ili arudie. Ni mchezo wa siku zote, hakuna anayeuchukia. Mtu mmoja tu acheke vibaya, niliwaza, na huyu atainuka pale mkekani asirudi tena.

Jumamosi, siku ya ndoa, nilikuwa chumbani kwa bibi harusi. Nilialikwa kama mwalimu, neno ambalo shangazi yake alilitamka kwa shaka kidogo nilipompa shikamoo. Bibi harusi ni fundi cherehani, mwanamke mtulivu, mfupi, mwenye vidole vilivyojaa hina mpaka kwenye vifundo. Alikuwa amekaa kitandani ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Msikiti uko nyumba ya pili, na spika lake lilielekea dirisha letu. Alasiri iliposwaliwa, chumba kikatulia. Tukasikia hotuba, tukasikia dua, kisha sauti ya shehe ikimwozesha, taratibu, jina la binti na la baba yake na mahari.

Kisha spika likabaki na mlio wake tu.

"Nimekubali," akasema, baada ya muda. Lilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha "kumuoa", limevunjika mara tatu. Kisha akafika kwenye jina, na hapo akasimama.

Nilimsikia akilijaribu. Herufi ile ya kwanza ilikuja, ikarudi, ikaja, ikarudi. Katikati yake kulikuwa na kimya kirefu, na ndani ya kimya ungeweza kusikia mtu akikohoa nyuma ya msikiti. Wanawake walitazamana. Shangazi alianza kusoma kitu chini chini. Nilikuta mguu wangu wa kushoto unapiga mkeka, nikaukalia. Kwenye spika mwanamume mmoja, kwa wema kabisa, akamtajia jina lile ili alirudie.

Bibi harusi akainua mkono wenye hina.

"Wasimsaidie," akasema, kama vile wale wanaume wangemsikia.

Sijui kama bwana harusi alimsikia yule aliyemtajia. Ninachojua ni kwamba hakulipokea jina aliloshikizwa. Alivuta pumzi, tuliisikia kwenye spika, akarudi mwanzo kabisa. Nimekubali. Kumuoa. Na jina likaja, herufi yake ya kwanza imegongwa mara sijui ngapi, halafu likafunguka lote, na la baba yake, na mahari waliyokubaliana ikateremka bila kugusa popote. Mwanamke mmoja akaanza kigelegele.

"Hatujasikia," ikasema sauti kutoka nyuma ya msikiti.

Huenda walikuwa hawamjui, huenda ni mazoea tu. Nilisimama, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Shehe hakuwakemea. Alisema bwana harusi arudie, na yule mtu, ambaye angeweza kunyamaza, ambaye alikuwa ameshamaliza, akarudia. Safari hii jina lilichukua muda mrefu zaidi. Hakuharakisha. Hakupunguza sauti. Alikaa ndani ya kile kimya kama mtu aliyekaa sebuleni kwake, na msikiti mzima ukakaa naye. Nilisikiliza kicheko kitoke wapi, hakikutoka. Shehe akataka mara ya tatu, kama ilivyo desturi yake, akapewa mara ya tatu. "Mashahidi mmesikia?" Wakaitikia kwa pamoja kwamba wamesikia, na sauti zao zilikuwa za chini, kama za watu waliotoka kuswali.

Nimecheza mbele ya watu wengi. Nimewahi kuona ukumbi ukipiga kelele mpaka taa zikatikisika. Sijawahi kumwona mtu akiwashika watu kwa kitu anachokiogopa kuliko vyote, tena akiwa amekaa, mkono mmoja umefungwa, bila biti. Nilikaa kitandani, karibu na bibi harusi. Vigelegele vilipasua chumba na mimi sikuweza kutoa hata kimoja.

Yeye ndiye aliyenigeukia. Machozi yalikuwa yameharibu wanja wote ambao shangazi aliuhangaikia tangu asubuhi.

"Miaka miwili tumechumbiana," akaniambia taratibu, "ananiita wewe, au fundi, au mwenzangu. Mimi nilidhani jina langu halipendi. Leo ameniita mara tatu."

Kisha wakamleta, kanzu nyeupe imelowa mgongoni, ili ampe mkewe mkono na kumsomea dua kichwani. Wanawake tulisogea kumpa njia. Alipiga magoti mbele yake, akamwekea kiganja juu ya utosi, akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza bila sauti. Siku hiyo bibi harusi hatazami mtu. Anainama mpaka mwisho, na akiinua uso, shangazi humbonyeza shingo. Huyu aliinua uso, shangazi asimbonyeze.

"Niite tena," akasema.

Hapakuwa na spika wala shahidi, na ndoa ilikuwa imeshafungwa. Angeweza kumwita mke wangu na ingetosha. Alitabasamu, akavuta pumzi, akaanza na herufi ile ya kwanza. Tukamngoja.